Mtoto Ambaye Hakupasuliwa



Wengi mnakumbuka ile Jumapili kikapu kilipopita mara ya pili kwa ajili ya mtoto wa dada yetu mmoja, mvulana wa miezi minane. Picha ya skani ilikuwa imeonyesha kwamba figo yake ya kushoto imejaa vifuko vya maji, nasi tuliambiwa kwamba anakwenda Kampala kupasuliwa. Kila mtu alitoa alichokuwa nacho. Wengine walitoa mahindi, mzee mmoja alileta kuku, na vijana wa kwaya walitoa pesa walizokuwa wakichanga kwa ajili ya sare. Vitu vilipouzwa na pesa kuhesabiwa, tulipata shilingi 640,000. Kwa watu wa kambi hiyo si pesa ya kuchezea.

Baada ya wiki tano mama akarudi Nakivale. Mtoto anacheka, amenenepa kidogo, na tumbo lake halina hata mkwaruzo. Ndani ya bahasha zilikuwa zimebaki shilingi 395,000, pamoja na risiti.

Hapo maneno yakaanza. Wa kwanza walisema daktari amemkataa kwa sababu ni mkimbizi. Wengine walisema mama mwenyewe aliogopa kisu akatoroka. Na wapo waliosema, tena mlangoni mwa kanisa, kwamba ugonjwa haukuwepo tangu mwanzo. Naandika ukurasa huu kwa sababu siku ile ya daktari mimi nilikuwepo. Lakini siandiki ili kumtetea mama tu, maana risiti zake zinamtetea. Naandika kwa sababu ya swali ambalo limekaa nami tangu siku hiyo: mtoto mgonjwa akiachwa bila kupasuliwa, je, ametibiwa au ametupwa?

Mama huyu alifikia kwa dada yake huko Kinawataka, bonde lile la Nakawa ambalo mvua ikinyesha watu wanapandisha magodoro juu. Dada mtu anauza nyanya katika soko la Nakawa, amekaa Kampala miaka mingi, na Kiganda anakijua. Mimi nilikuwa mjini kwa mambo ya karatasi zangu. Kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kupita kwenye kliniki moja ya kulipia, ambako mtu aliyevaa koti jeupe alitazama skani kwa dakika mbili, akataja bei ya upasuaji, na bei hiyo ilikuwa mara nne ya bahasha yetu. Alipoona bahasha haitoshi, alisema, "Basi subirini." Dada mtu hakuridhika. Alitafuta njia ya kumfikisha mtoto kwa daktari wa upasuaji wa watoto katika hospitali ya serikali, na ilichukua wiki tatu. Siku ilipofika tulipanda taksi asubuhi mapema, watu wazima watatu na mtoto mgongoni.

Daktari huyo hakuwa na haraka. Alimbonyeza mtoto tumbo, akampima presha kwa kitambaa kidogo cha mkono wa mtoto, akatuma damu na mkojo vipimwe, akataka skani nyingine. Saa nane mchana alituita. Aligeuza fomu, akachora figo mbili upande wa nyuma. Ya kulia aliichora kama haragwe, kubwa kidogo kuliko kawaida. Ya kushoto aliichora kama kichala cha zabibu, zile zabibu ambazo wengi wetu tunazisoma katika Biblia na hatujawahi kuzila.

Akasema figo hii haikuharibika jana. Tangu mtoto akiwa tumboni haikuumbika sawasawa. Mrija wa kupeleka mkojo kwenye kibofu umeziba, na nyama ya figo imegeuka vifuko vya maji ambavyo havichuji kitu. Jambo hilo hutokea kwa mtoto mmoja hivi katika kila watoto 4,000 wanaozaliwa, wa matajiri na wa maskini. Kwa kawaida halirithiwi. Si laana, wala si kitu alichokula mama akiwa na mimba, wala si kwa sababu alitembea siku tatu porini akikimbia vita. (Hilo la mwisho mama aliliuliza mwenyewe, kwa sauti ndogo.) Figo ya kulia inafanya kazi ya mbili, na ndiyo maana imenenepa. Damu ya mtoto ni safi, mkojo ni safi, presha iko sawa. Ile ya kushoto, katika watoto wengi, hunywea polepole mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja skani haiioni tena. Basi kisu cha nini?

Dada mtu alitafsiri yote. Mwishoni daktari alisema neno moja la Kiganda, na hilo mama alilisikia bila mkalimani: linda. Kwa Waganda, linda maana yake ni subiri. Kwetu linda ni kutunza kitu kisiibwe. Mama alimkaza mtoto mgongoni, akaitika ndiyo. Ni baadaye tu, kwenye benchi la nje, dada yake alipomweleza kwamba ameambiwa asubiri.

Hapo alilia. Mimi, mjinga, nilidhani ni furaha. Nikaanza kumwambia amshukuru Mungu. Akanitazama akasema, "Baba, nitawaambia nini watu wa kanisa? Wangempasua, ningekuwa na kovu la kuwaonyesha."

Maneno hayo yalinifunga mdomo mpaka tulipofika Nakawa.

Mkimbizi ana sikio lake kwa neno subiri. Subiri jina lako litoke kwenye ubao. Subiri mahojiano. Subiri mgawo, mwezi huu umechelewa. Wapo kati yetu waliofika hapa wakiwa vijana, na leo wanasubiri pamoja na wajukuu. Tumejifunza kwamba mtu asiyetaka kukusaidia, na hataki pia kukuambia kwamba hataki, anakuambia subiri. Kwa hiyo mama aliposikia neno lile kwa daktari mwema, alilisikia kwa sauti ya yule wa kliniki aliyehesabu bahasha. Neno ni moja. Yule wa kwanza alisema subiri kwa sababu pesa hazikutosha, na huyu wa pili alisema subiri kwa sababu mtoto hahitaji kukatwa. Mzazi asiyesoma vitabu vya udaktari atajuaje tofauti?

Nimefikiri sana, na naona kuna swali moja ambalo mzazi yeyote anaweza kuuliza bila aibu: mtoto wa tajiri mwenye ugonjwa huu huu, angeambiwa nini? Kama angeambiwa lile lile, basi tulia. Kama angeambiwa jambo jingine, basi hujaambiwa kuhusu mtoto wako, umeambiwa kuhusu mfuko wako.

Kwa figo hii ya kichala jibu linajulikana. Mwaka 1869, katika mji wa Heidelberg, Ujerumani, daktari Gustav Simon alimtoa mama mmoja figo moja. Kabla ya kumgusa alikuwa amefanya hivyo kwa mbwa, ili aone kama kiumbe kinaweza kuishi na figo moja tu. Mama akapona. Tangu hapo madaktari walijua kwamba figo moja nzima inatosha, na kwa miaka mingi walipokuta mtoto mwenye figo ya namna hii waliitoa. Walikuwa na hofu mbili: kwamba itageuka saratani, na kwamba itapandisha presha. Hofu hizo hazikuwa za kipumbavu. Lakini skani za mimba zilipoenea, kuanzia miaka ya 1980, walianza kuwaona watoto wengi ambao zamani wasingejulikana kabisa, watu ambao wangezeeka na figo moja bila habari. Wakawafuata watoto hao mwaka kwa mwaka bila kuwakata. Saratani ikaonekana kuwa adimu mno, na presha ikawapata wachache. Leo huko London au Chicago, mtoto wa mtu mwenye bima ya kila aina, akiwa na figo kama hii na mwenzake ni mzima, kwa kawaida anaambiwa kama alivyoambiwa mtoto wetu wa Nakivale. Atapasuliwa ikiwa figo ni kubwa kiasi cha kumbana pumzi au kumzuia kula, au ikiwa inakua badala ya kunywea, au presha ikipanda, au picha ikiwa na jambo lisiloeleweka.

Kwa hiyo wale wanaosema mtoto alikataliwa kwa sababu ni mkimbizi, safari hii wamekosea. Nasema safari hii. Sitaki mtu achukue ukurasa huu akamwambie kila mama atulie.

Maana swali lile lile, likiulizwa kwa mtoto mwingine, linatoa jibu kali. Kuna wavulana wanaozaliwa na ngozi nyembamba ndani ya njia ya mkojo, inayofunga kama mlango. Mkojo unarudi nyuma, kibofu kinajaa, na figo zote mbili zinaharibika, nyingine zikifanya vifuko vya maji tangu tumboni. Mtoto huyo anakojoa kwa matone, au anajikamua akilia, na chini ya kitovu tumbo ni gumu. Mtoto wa tajiri angewekewa mpira wa mkojo siku hiyo hiyo, na baada ya siku chache daktari angepitisha chombo chembamba kwenye njia ya mkojo akaikata ile ngozi. Penye uhaba wa chombo hicho, daktari hufungua tundu dogo chini ya kitovu ili mkojo utoke, na figo zinapata nafasi. Kumwambia mama wa mtoto huyo asubiri ni dhambi, awe amesema daktari, karani wa mlangoni, au sisi wenyewe tunaposema akikua itapona. Kila wiki inayopita inakula figo ambayo hairudi. Mama mwenye mtoto wa kiume amtazame anavyokojoa. Ni jambo dogo, na halina bei.

Kisha kuna jambo zito zaidi, ambalo nitalisema kwa kifupi kwa sababu sina maneno mengi juu yake. Kuna watoto ambao figo zote mbili zimejaa vifuko, ugonjwa ambao baba na mama wote wameubeba kimya katika damu yao bila kuugua, na kila mimba yao ina hatari moja katika nne. Hutokea kwa mtoto mmoja hivi katika kila 20,000. Wengine hufa siku za kwanza, kwa kuwa mapafu hayakupata nafasi ya kukua. Kisu hakiponyi ugonjwa huo. Daktari anaweza kutoa figo moja iliyovimba ili mtoto apumue na kula, lakini mwishowe wengi wao watahitaji damu isafishwe kwa mashine, na baadaye figo ya mtu mwingine. Hapa Uganda upandikizaji wa kwanza wa figo ulifanyika Mulago mwezi Desemba 2023, mwaka ule ule sheria ya kutoa viungo ilipoanza, sheria inayokataza mtu kuuza kiungo chake. Ni hatua kubwa, namshukuru Mungu. Lakini kati ya hatua hiyo na mtoto mdogo wa Nakivale kuna umbali ambao sitaudanganya kwa kuuita subira. Mtoto wa tajiri angepelekwa ng'ambo. Wetu ataambiwa asubiri, na sote tunajua maana yake. Naomba hapo tusitumie neno hilo. Mzazi aambiwe kwamba tiba ipo, lakini haiko hapa. Akijua hivyo ataamua kama atahangaika, au atakaa na mtoto wake siku zilizobaki. Na asije mtu kumwambia kwamba ni mpango wa Mungu, wakati ni upungufu wa mashine na pesa.

Sasa turudi kwa bahasha, maana ndiyo iliyoleta ugomvi.

Kwa nini tulikasirika mtoto aliporudi mzima? Nimejiuliza hivyo mimi kwanza, kwa sababu hata mimi, kabla ya kulala usiku ule huko Nakawa, nilihisi kama tumenyimwa kitu. Tulitoa kwa ajili ya upasuaji. Upasuaji ni kitu kikubwa, mtu anaweza kusimama kanisani akasema: tumempasulia mtoto. Mnakumbuka Naamani, jemadari wa Shamu, alivyokasirika alipoambiwa aende tu akaoge mtoni. Alikuwa amekuja na fedha, dhahabu na mavazi, akitazamia jambo la kishindo, akapewa jambo dogo. Watumishi wake ndio waliomtuliza, watu wasio na cheo. Sisi pia tulikuja na mahindi na kuku tukitaka kishindo. Na mama yule alilijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana alililia kovu. Tulikuwa tumemfikisha mahali ambapo angependa mwanawe akatwe ili sisi turidhike.

Hilo linaniogopesha. Mtoto wa miezi minane hawezi kusema nikateni au msinikate. Mwili wake uko mikononi mwa wakubwa, na wakubwa wana mambo yao mengi: deni la shukrani, macho ya majirani, pesa iliyokwisha kutolewa. Kisu kinapaswa kuingia kwa ajili ya mtoto peke yake. Kikiingia kwa sababu nyingine hata moja, hata iwe nzuri, tumemtumia.

Kulikuwa na sababu nyingine pia, niitaje, maana watu wanainong'ona. Mtu alimshauri mama asikubali majibu yale, aseme mtoto ana hali mbaya, kwa kuwa mgonjwa mahututi anaweza kufikiriwa kuhamishiwa nchi ya tatu kwa matibabu. Njia hiyo ipo kweli, na imeokoa watu. Simlaumu anayeitamani, nani asiyeitamani? Lakini nafasi hizo ni chache, na mtoto mwenye figo mbili zilizokufa yuko kwenye foleni ile ile. Na huko ng'ambo daktari angeitazama skani akasema kama yule wa Kampala.

Kamati ilikaa Jumamosi mbili. Wengine walitaka pesa irudishwe kwa waliotoa. Vijana wa kwaya, kwa haki kabisa, waliuliza habari za sare. Mimi nilisema kwamba kusubiri kunakotufaa kuna gharama zake, na gharama hizo hazina kishindo, kwa hiyo hakuna anayezichangia. Daktari ameandika mtoto apigwe skani tena baada ya miezi sita, kisha kila mwaka kwa miaka michache. Presha ipimwe kwa kitambaa cha ukubwa wa mkono wake, maana kile cha mtu mzima kinasoma chini na kudanganya. Akipata homa isiyo na kikohozi wala malaria, mkojo upimwe haraka, kwa kuwa figo aliyo nayo ni moja na tusiiache iungue kwa maambukizo. Asipewe dawa za maumivu ovyo ovyo kutoka dukani, wala mizizi ya kienyeji ambayo hatujui inafanya nini kwenye figo. Na nauli: taksi mpaka Mbarara, basi mpaka Kampala, taksi mpaka Nakawa, na kurudi. Mama akikosa nauli mara mbili tu, ile subiri njema ya daktari itageuka kuwa ile ya kliniki, nasi ndio tutakuwa tumeigeuza.

Tulipiga kura. Kwaya walipewa 95,000, na 300,000 zikabaki kwa mtoto, zinatunzwa na mama kiongozi wa akina mama, na daftari liko wazi kwa yeyote anayetaka kuliona. Watu wawili hawakukubali, na mpaka leo hawajakubali. Mmoja ananiambia kwamba pesa iliyotolewa kwa jambo moja haiwezi kuhamishiwa jambo jingine bila kumwuliza kila aliyetoa. Ana hoja, na sijapata jibu la kumtosheleza.

Safari ijayo ni mwezi wa tano. Yule mzee wa kuku amesema atamsindikiza mama mwenyewe mpaka Kampala, maana anataka kuiona hiyo figo kwa macho yake.